Usingizi wa Asbjørg

Jumanne, 21 Juni 1994. Jua kutwa kucha, upepo mwembamba kutoka kaskazini, baridi kivulini.

Gari la sinema lilishuka kwenye kivuko baada ya chakula cha mchana, likapanda hadi ukumbi wa Kvalneset. Huja mara moja kwa mwezi. Kijiji chetu hakina sinema, kwa hiyo sinema hutufuata yenyewe, na Ragnvald ndiye dereva, ndiye fundi wa mashine, ndiye mkata tiketi.

Alimkuta Asbjørg juu ya ngazi, akiziba madirisha kwa vitambaa vyeusi. Majira haya jua halizami kabisa, na bila vitambaa hivyo picha haionekani. Asbjørg ameutunza ukumbi huo tangu ujanani: kufagia, kuwasha jiko, kupika kahawa, kupandisha na kushusha bendera. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na kijiji kizima kinajua kwamba hapati usingizi.

"Mama, shuka kabla hujaniangukia," Ragnvald alimwambia. "Sina bima ya watu wanaodondoka kutoka mbinguni."

"Nikikuangukia wewe nitaumia mimi. Una mifupa mitupu. Umetuletea nini?"

"Filamu ya kutia hofu. Hakuna mizimu, hakuna bunduki. Muuguzi amekosea dawa, mgonjwa amekufa, naye akanyamaza. Basi usingizi ukamhama. Filamu nzima mtu hapati hata lepe."

"Na kwa hilo watu wanalipa tiketi? Wangekuja kwangu wakatazama bure."

Ragnvald alicheka. Asbjørg aliendelea kugongomea misumari.

Zamani alikuwa mlalaji hodari. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba ungeweza kumbeba na kitanda chake ukampakia kwenye kivuko, aamkie mjini. Usingizi ulimtoka miaka mitatu nyuma, mwezi Machi, kwa sababu ya kamba ya bendera.

Huku kwetu mtu akifa, bendera hushushwa nusu mlingoti. Ya ukumbi hutangulia, kisha nyumba nyingine zinafuata, mpaka kijiji chote kinajua bila mtu kufungua mdomo. Lakini ya ukumbi haiguswi kabla kasisi hajafika kwa wafiwa na kuwaambia. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna asiyeijua.

Siku ile Edvin, mume wa Gunnvor, alivutwa na nyavu akaanguka baharini. Mlinzi wa gati alipata habari kwa redio, akampigia Asbjørg simu. Asbjørg akadhani kasisi ameshapita. Akatoka, akashusha bendera. Alipogeuka aliona barabara tupu, na kivuko alichokuwemo kasisi ndiyo kwanza kinakuja katikati ya maji. Akashikwa na woga. Akaivuta kamba, akaipandisha bendera tena mpaka juu.

Dirisha la jikoni la Gunnvor linatazamana na mlingoti huo.

Asbjørg na Gunnvor walikuwa wameketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Baada ya mazishi walisalimiana dukani, wakaongea habari za hali ya hewa, ikawa basi. Gunnvor hakukanyaga tena ukumbini. Asbjørg naye akaanza kukesha. Kiangazi alionekana akipalilia viazi saa ambazo hata kondoo wamelala. Daktari alimpa vidonge, akavimeza wiki chache, akaviacha. "Vinalaza mwili tu," alisema, "mwenyewe nabaki macho."

Jumanne ile ya sinema watu walijaa mapema. Kahawa ilikuwa tayari, na zile chapati zetu laini, lefse, zenye siagi na sukari. Wanaume walikuja na samaki mkavu mifukoni, wa kutafuna gizani. Asbjørg alikuwa anamimina kahawa wakati Gunnvor alipoingia, amevaa koti lake la sufu la buluu. Kahawa ikafurika kikombeni, ikamwagika mezani. Gunnvor alikata tiketi, akakaa safu ya nyuma.

Filamu ilikuwa nzuri, ya polepole. Yule muuguzi alinawa mikono, akapanda basi, na mawazoni mwake yule marehemu akaja kukaa kando yake, akamwuliza saa, kwa upole kabisa. Muuguzi akatazama dirishani. Nyumbani alikokuwa akienda, mjane wa yule mtu alikuwa jirani yake.

"Si amwambie tu," sauti ya Solfrid wa dukani ilisikika safu ya pili. "Sema, mama, tukalale wote."

Watu wakacheka. Asbjørg, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akaingia jikoni, akaanza kuosha vikombe visivyo na uchafu. Punde si punde Gunnvor akamfuata. Alichukua kitambaa msumarini, akaanza kukausha.

"Umeiacha sinema," Gunnvor alisema.

"Hiyo naijua."

Wakaosha na kukausha.

"Gunnvor, siku ile mimi ndiye niliyeshusha."

"Nani mwingine angeshusha? Mlingoti ule hata mwenyekiti wa kijiji umemkataza kuugusa."

"Sikutazama barabarani. Nilikuambia msiba wako kwa kamba. Kila nikifumba macho naiona inashuka, na wewe uko dirishani."

"Inashuka?" Gunnvor aliweka kikombe chini. "Kwa kushusha sikukukasirikia hata siku moja. Kasisi yule alikuwa mgeni, jina la Edvin alilisoma kwenye karatasi. Afadhali niliambiwa na mkono ninaoujua. Kilichoniua ni ulipoipandisha. Nilisema, kumbe amekosea, hajafa mtu. Nikabandika kahawa. Nikatoa kikombe chake. Nikaimba, Asbjørg. Kasisi alinikuta naimba."

Asbjørg aliketi juu ya kreti la soda. Miaka yote hiyo alikuwa amejuta jambo jingine.

"Wakati naipandisha nilidhani hujaona," alisema. "Na kama umeona, nilitaka nikurudishie mumeo."

"Najua. Nilikuchukia kwa kunirudishia. Mwaka mzima. Halafu ikaanza kunijia vingine. Nikawa nakumbuka ule wimbo tu, na harufu ya kahawa, na kwamba nilikuwa na mume. Mpaka leo sijui nikushukuru au nikupige na sufuria."

"Nipige."

"Na uzito wa sufuria hizi za ukumbi? Ukifa, nani atanizika mimi?" Gunnvor alimshika mkono, akamwinua. "Ningekuja kukuambia mapema. Nilikuwa naona taa yako, nasema kesho nitakwenda. Ikifika kesho, natia ukaidi. Haya, twende tukaone kama yule mwanamke atasema. Nimelipia tiketi."

Wakakaa pamoja safu ya nyuma. Kama muuguzi alisema au hakusema, Asbjørg hakuwahi kujua. Kabla muuguzi hajapanda basi la pili, kichwa chake kilikuwa begani kwa Gunnvor, mdomo wazi.

"Nani anakoroma kwenye filamu ya mtu asiyelala?" Solfrid aliuliza.

"Tazama mbele," Gunnvor alimjibu.

Filamu ilipokwisha Ragnvald hakuwasha taa kubwa. Aliikunja skrini taratibu kama anayekunja shuka la mtoto mchanga, akanong'ona, "Tumwamshe?"

"Jaribu uone," alisema Gunnvor.

Watu walitoka na viatu mkononi. Tulisogeza mabenchi mawili pamoja tukamlaza, na Gunnvor akavua koti lake akamfunika. Akaagiza vitambaa vya madirishani visiguswe.

Kesho yake Asbjørg aliamka gizani asijue ni saa ngapi, na alipofungua mlango akakuta asubuhi imekwenda sana. Hakufagia. Alilikunja koti, akavuka barabara, akaingia kwa Gunnvor kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi, akasema ana njaa.