Picha Niliyopigwa Golini

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwetu Nkoma, mimi, mwalimu wa shule, nilisafiri hadi Dar es Salaam. Nilikwenda uwanja mkubwa wa mpira, lakini siku hiyo haukuwa na mechi. Mlinzi akanionea huruma, akanifungulia geti, nikapigwa picha golini nimetunisha kifua.

Niliporudi nikakuta vijana wa kijiji wanatafuta kocha wa timu yao ya mpira. Nilikitamani cheo hicho, nikawaambia nimetazama mechi kubwa na mbinu zote nimezinasa. Wakakubali palepale. Kwa furaha nikawapa ile picha waitazame. Kapteni wao, Masanja, akaikodolea macho.

“Mwalimu, mechi ilikuwa kali?”

“Kali sana!”

“Na hizi khanga zilizoanikwa kwenye mtambaa panya wa goli, juu ya kichwa chako, ni za timu gani?”