Siku Nilipokataa Kuongeza Kikomo

Niliajiriwa kuandika programu ya chama cha wakulima wa korosho, na ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga pale Magomeni ya Mtwara. Kila mkulima alikuwa na rekodi yake. Karani akitaka kusahihisha kitu, programu ilitengeneza kwanza nakala ya rekodi, ili akikosea asiharibu ile ya asili. Siku tulipoijaribu mbele ya viongozi wa chama kutoka Ziwani, nakala ya kwanza tu ilikwama. Kioo cha kompyuta kikajaa maandishi mekundu: programu ilikuwa inajiita yenyewe bila mwisho, mpaka ikagonga kikomo cha mara inazoruhusiwa.

Mkuu wangu, baba mmoja aliyehamia Mtwara kutoka Mbeya, aliwatabasamia wageni, kisha akaniinamia.

"Ongeza kikomo cha kujiita, binti. Tuendelee."

"Nikiongeza itachelewa kufa tu, mzee. Haitapona."

"Ongeza."

"Siongezi."

Akavuta kompyuta, akaongeza mwenyewe. Safari hii hata maandishi mekundu hatukuyaona. Programu ilizimika yote.

"Kazi hii tutampa mtu wa Dar," akasema.

Nikamjibu mbele ya wageni wake kwamba mtu wa Dar angeanza kesho, leo ilikuwa bado yangu. Nikasubiri mpaka walipotoka kunywa chai.

Nilirudi kwenye kipande nilichokuwa nakionea fahari: rekodi ikiulizwa sifa isiyokuwa nayo juu juu, kama kijiji cha mkulima, iitafute kwenye mfuko wake wa ndani, mahali nilipohifadhi taarifa zake. Nikaweka kila hatua ijiandike kwenye kioo, nikaona. Nakala huumbwa tupu, bila kupitia hatua ya mwanzo inayoweka ule mfuko. Kabla ya kuijaza, Python, lugha niliyoandikia programu, huiuliza kama ina namna yake maalumu ya kupokea taarifa. Haina, basi inakwenda kutafuta mfukoni. Mfuko nao haupo, basi inautafuta mfuko mfukoni, na tena, na tena.

Nikaongeza mistari miwili: jina likiwa ni la mfuko wenyewe, au likianza na vistari vya chini kama majina maalumu ya Python yenyewe, usitafute, sema huna.

Wageni waliporudi, karani alibadili kijiji kwenye nakala. Rekodi ya asili haikuguswa.

"Ungeniambia pembeni," mkuu akasema walipoondoka.

"Pembeni ungeniambia niongeze kikomo."

Sikuomba radhi. Jumatatu alinipa kazi nyingine, ngumu kuliko ile, bila kunitazama usoni. Nikaichukua.