Miaka tisa nashika mkono wa kulia

Jamani, leo nimejua kwamba miaka tisa yote nimekuwa nasoma mikono ya watu kinyume.

Sitanii.

Mnajua natibu kwa sindano na dawa za Kichina hapa Ilala. Leo tulikuwa na mafunzo ya kujinoa, sisi ambao tayari tuko kazini, kwenye ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Mwalimu wetu ni mama wa Kichina, Kiswahili chake kinanizidi hata mimi. Akasema tupimane mapigo ya mshipa wa mkono, ambayo kwetu ndiyo yanaeleza hali ya kila kiungo cha ndani, wawili wawili.

Nikaweka vidole vitatu kwenye mkono wa kulia wa mwenzangu, nikatangaza kwa sauti: "Ini lina shida."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Ini tunalisoma mkono wa kushoto," mwalimu akasema. "Huku kuna mapafu. Nani alikufundisha?"

Picha ya mapigo iliyo ukutani kwangu kazini ndiyo ilinifundisha. Mtu wa kwenye picha anakutazama, kwa hiyo kushoto kwake kuko kulia kwako. Miaka tisa, hilo halikunijia akilini.

Nilitegemea anicheke. Akasema tu, "Pole."

Bora angecheka.

Sasa kuna Bi Mwanaidi, muuza mitumba wa Mchikichini. Huu mwaka wa tatu namtibu ini. Kikohozi chake hakikatiki, na kila akiondoka ananiombea dua.

Kesho asubuhi anakuja. Niambieni nimwambie nini, maana yule mama akishakaa tu, bila hata kuambiwa, ananyoosha mkono wa kulia.