Madoa Kwenye Gari la Khocha

Khocha alinipigia simu nikiwa dukani Kitale, nikimwekea mkulima mmoja wa Endebess dawa ya kupe. Kwetu Bungoma khocha ni mjomba, kaka wa mama, na simu yake haipuuzwi. Huyu wangu ndiye aliyenivisha shingoni utepe wa nyama ya kifua cha ng'ombe kabla sijaingia jandoni, na miaka baadaye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la mahindi, na alijisifu kwamba hakuwahi kugonga hata kuku. Hilo alilisema kila harusi na kila matanga, tukalizoea kama sala ya kufungua kikao.

"Mwiwa," akaniambia, yaani mpwa wake, "hii gari imeingia madoa. Nyeupe nyeupe, hapa kwa kromu ya madirisha. Nimeosha mpaka nimechoka. Si ukuje na ile dawa yako?"

Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Kiminini, na Khocha alikuwa ameshatangaza kwamba atampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari lake, kwa mikono yake. Nilimwambia nitakuja Jumamosi.

Dawa yenyewe haikuwa dawa. Ilikuwa siki nyeupe, hii ya jikoni. Kromu ya magari ya siku hizi si chuma. Ni plastiki iliyovishwa ngozi nyembamba inayong'aa. Ukiosha gari kwa maji ya kisima yenye chumvi, ukaliacha likauke juani, kila tone linaacha duara jeupe ambalo sabuni haiwezi kulitoa. Unachanganya siki na maji nusu kwa nusu, unalowesha kitambaa laini, unakilaza juu ya doa mpaka lilegee, kisha unapangusa polepole bila kukandamiza, unasuuza, unakausha. Kazi inataka subira tu. Stilwaya ya kusugulia sufuria haigusi hapo, maana ngozi ile ikishachunika hairudi.

Nilipofika Jumamosi, kitu cha kwanza nilichokiona ni nguzo ya lango. Upande mmoja ulikuwa na saruji mpya, bado ina rangi mbichi, na chini yake vipande vya matofali vilikuwa vimesukumwa kando. Kitu cha pili sikukiona, nilikisikia kwa kutokuwepo kwake. Hakuna mbwa aliyebweka. Boma lile lilikuwa na mbwa mwekundu aliyekuwa akinipokea kwa kelele tangu barabarani.

"Mbwa yuko wapi?" nilimuuliza mke wa Khocha, ambaye sote humwita Mama.

Alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka. "Alikufa," akasema. "Karibu chai."

Khocha alikuwa ameshaegesha gari chini ya mparachichi, penye kivuli, kama nilivyomwagiza. Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, alilolinunua baada ya kustaafu, na alikuwa akilitunza kuliko meno yake. Aliponisalimia alinishika mkono kwa nguvu zilezile, ila macho yake hayakutua usoni kwangu. Yalitua karibu na sikio. Nikadhani anatazama mtu nyuma yangu, nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Madoa yalikuwepo kweli. Kromu yote iliyozunguka madirisha ilikuwa imejaa vidoti vyeupe, vingine vimeshikana kama ukoko. Nikaanza na mlango wa dereva. Nililaza kitambaa, nikasubiri, nikapangusa, na chini yake kromu ikatoka safi hadi nikaona uso wangu umerefuka ndani yake. Khocha alisimama karibu akiwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anayetazama punje.

"Hapo bado," akasema.

"Wapi, Khocha?"

"Hapo. Si unaona huo ukungu?"

Nikapangusa tena mahali palipokuwa pasafi. Akasema bado. Nikahamia mlango wa nyuma, nao ukang'aa, naye akasema bado. Nilikuwa naudhika kidogo kidogo, nikijiambia kwamba uzee umemletea ubishi. Kisha nikazunguka kwenda upande wa kushoto.

Upande ule ulikuwa umechubuka kuanzia taa ya mbele hadi kwenye tairi la nyuma. Kulikuwa na mstari wa rangi ya kijani, kijani cha lango lao. Kulikuwa na mkwaruzo wa kina uliojaa vumbi jekundu. Kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa plastiki. Na Khocha, ambaye zamani angeniamsha kitandani kwa sababu ya alama ya ukucha kwenye mlango, alipitisha mkono juu ya michubuko ile, akaenda kuinama kwenye kromu.

"Huku ndiyo mbaya zaidi," akasema. "Huku sioni hata kama inang'aa."

Nilipomaliza dirisha la mbele la upande ule, nilienda kisimani kuteka maji ya kusuuzia. Niliporudi nilisikia sauti ya kukwaruza kabla sijamwona. Alikuwa amechukua stilwaya ya jikoni na alikuwa akisugua ile kromu ya dirisha la kushoto, niliyokuwa nimeimaliza, anasugua kwa nguvu zote za mabega yake ya dereva wa lori. Ngozi ya fedha ilikuwa imechunika. Chini yake plastiki ilikuwa nyeusi.

"Sasa imetoka?" akaniuliza.

Alikuwa anaitazama moja kwa moja, karibu kabisa, na alikuwa ananiuliza mimi.

"Umetoa kromu yenyewe, Khocha," nikasema.

Aligusa mahali pale kwa kidole gumba. Halafu akaiweka stilwaya mfukoni mwa koti kana kwamba ni kitu chake cha kawaida. "Basi," akasema. "Twende tukunywe chai."

Jikoni Mama aliniongelesha akiwa amenipa mgongo, akikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Aliniambia kwamba mbwa aligongwa hapo hapo langoni, na Khocha akirudi kutoka sokoni. Alishuka garini akauliza kwa nini wajukuu wao wanalia. Wakamwambia mbwa amekula sumu. Amezikwa nyuma ya choo.

"Yeye anasema nini kuhusu lango?" nikauliza.

"Anasema fundi alijenga nguzo vibaya. Anasema kioo cha gari kimezeeka. Anasema ni vumbi, ni moshi wa watu wanaochoma shamba, ni hayo madoa." Akaendelea kukoroga. "Mimi nikisikia injini nafungia watoto ndani. Hata kuku nimewafundisha. Wewe angalia tu akiwasha."

"Mama, na harusi je?"

"Mwambie wewe. Wewe ni mwiwa wake. Mimi nilijaribu, hakuongea na mimi mpaka nikaomba msamaha."

Sikumwambia. Nilitafuta namna ya kuanza, chai ikaisha, na jua likaanza kuinama. Khocha akasimama, akasema atanisindikiza kwa gari hadi Kanduyi nikapate usafiri wa Kitale. Nilisema nitapanda boda. Alicheka. "Ati boda, na mimi nina gari? Ingia, bana."

Alipowasha injini, kuku wote wa boma lile walikimbilia chini ya ghala. Kwa pembe ya jicho nilimwona Mama akivuta mlango wa nyumba.

Nilikaa kushoto, upande wa abiria. Barabara ya kutoka kwao ni ya murram, changarawe nyekundu tu, nyembamba, mahindi yamesimama pande zote mbili hadi usawa wa madirisha. Aliendesha polepole, mikono yake imetulia kwenye usukani kama zamani, na kwa muda nikaanza kuamini kwamba tumemkosea heshima. Alikuwa anasimulia habari za Kiminini, jinsi wakwe wake watakavyomwona akiingia kanisani na binti yake mkononi.

Mbele yetu, upande wangu, mwanamke alikuwa anatembea na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa amevaa leso ya manjano. Ungeweza kumwona kutoka mbali sana. Alisikia gari, akageuka, akatutazama, akapiga hatua moja kuelekea kando, kwa utulivu, kama mtu anayejua ameonekana. Gari halikupinda. Nikasubiri lipinde. Khocha alikuwa bado anasema habari za kanisa. Nikamwona yule mwanamke akitambua, uso wake ukibadilika, mdomo ukifunguka.

Nikaurukia usukani nikauvuta kwangu... hapana, ningeuvuta kwangu ningemuua. Niliusukuma kwake. Gari likapiga upande wa pili wa barabara, likaingia mahindini, mabua yakavunjika mbele ya kioo, injini ikazima.

"Wewe una wazimu?" Khocha akafoka. "Unashika usukani wangu?"

"Kulikuwa na mtu, Khocha."

"Nani?"

"Mtu. Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Akageuza kichwa kutazama barabarani, akakipitisha juu ya leso ile ya manjano, akaendelea kutafuta. Mwanamke alikuwa amekaa chini ukingoni, ndizi zimetapakaa, mkono mmoja kifuani. Hakuwa ameumia. Khocha alimtafuta mpaka mwanamke yule alipoanza kulia, ndipo akamtambua kwa sauti.

Nilichomoa ufunguo. Uliniponyoka ukaangukia kwenye zulia la gari, nikauokota tena.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Hapana, Khocha."

"Mwiwa. Unajua anayemnyang'anya khocha wake kitu—"

Hakumaliza. Kwetu neno la khocha likitoka halirudishwi, na mtu aliyetamkiwa huenda nalo hadi kaburini. Nilikaa nikimsubiri amalize, nikiwa na ufunguo ndani ya ngumi, na nilijua kwamba akimaliza bado sitampa. Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Mwishowe alifungua mlango wake, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, akishika katikati kabisa ya barabara.

Nilimsaidia yule mwanamke kukusanya ndizi zake. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa la kina Khocha, jirani yao wa miaka mingi.

Kesho yake Khocha alimwomba Mama ampeleke kwa mwimbaji yule aombe radhi. Mimi nilikuwa nimelala kwao, lakini hakunisemesha, nilifuata nyuma. Mwanamke aliwapokea vizuri, akawapa viti. Khocha akaanza kueleza kwamba jua lilikuwa usoni.

"Jua lilikuwa nyuma yako, Baba," mwanamke akasema kwa upole. "Nilikuita. Ulikuwa unaniangalia, macho kwa macho. Nilidhani nimekukosea kitu, ndiyo unataka kuniua."

Khocha aliweka kofia yake magotini. Hakusema habari za jua tena. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, bila kunitazama, kama najua hospitali ya macho.

Daktari alisema ni presha ya macho. Ugonjwa huu, alieleza, hauumi wala haupigi hodi. Unakula pembeni kwanza, polepole, na ubongo unajaza palipoliwa kwa barabara na mahindi, hivi kwamba mtu hahisi pengo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibakiwa na kitu kama tundu la ufunguo. Kilichokwenda hakitarudi. Matone yangejaribu kukilinda kilichobaki.

"Nimeendesha hivi muda gani?" Khocha akauliza.

Daktari alisema hawezi kujua, ila si jambo la mwezi mmoja. Khocha akaanza kutaja safari, kwa sauti ya chini, kama anajisemea: sokoni, kanisani, Ndalu kwa matanga, shuleni kuwachukua watoto siku ya mvua. Mama akamshika mkono ili anyamaze.

Harusi ilifanyika. Mimi ndiye niliyeendesha, na Khocha alikaa nyuma na binti yake, amemshika kiwiko njia nzima. Pale Kiminini alishuka kabla ya bibi harusi, akamshika tena mkono, akatembea hadi mlangoni bila fimbo, na wakwe hawakujua lolote, maana ni binti aliyekuwa akimwongoza baba. Tangu hapo ameniongelesha kama kawaida. Lile neno alilolikata hatujawahi kulizungumzia, na wakati mwingine, nikiwa peke yangu dukani, hujikuta nalimalizia mwenyewe kwa njia mbalimbali.

Lakini daktari alikuwa ameuliza jambo jingine siku ile, tulipokuwa tumeshasimama kuondoka. Aliuliza nani hapo ni damu ya mgonjwa. Nikasema mimi, kwa upande wa mama. Akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, nisikae bila kupimwa.

Nilikaa. Nilikaa hadi mvua zilipokwisha, nikisema kazi ni nyingi. Kisha siku moja nikaenda kliniki hapa Kitale. Waliniziba jicho moja, wakaniwekesha kidevu kwenye mashine, wakanipa kitufe. Mhudumu alinielekeza nitazame nukta ya katikati, nisihangaishe macho, na kila nitakapoona mwanga mdogo popote pale, nibonyeze.

Mwanga wa kwanza ulikuja juu, nikabonyeza. Mwingine chini, nikabonyeza. Mwingine kulia. Halafu pakawa peupe tupu mbele yangu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikataka kumwuliza mhudumu kama mashine imesimama. Lakini mashine ilikuwa bado inatoa mlio wake mdogo, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yangu nilimsikia akiandika.