Mkeka wa Mbele

Mwaka 2022, mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na mume wangu alikuwa kaburini tangu Juni. Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa kaskazini. Aliniachia ukumbi wa karate huko Nakawa, nyuma ya soko, na wanafunzi waliokuwa wakipungua kila muhula. Niliapa kwamba ukumbi ule hautafungwa mikononi mwangu.

Kwa desturi ya karate, wanafunzi hujipanga kwa ngazi za mikanda yao, kisha humwinamia mwalimu aliyesimama mbele. Baada ya mazishi, msaidizi wake aliendelea kufundisha. Alikuwa mwanamke Mkongo, mkimbizi aliyeishi mtaa wa mabanda wa Namuwongo, na mume wangu ndiye aliyemfikisha kwenye mkanda mweusi. Lakini hakusimama mbele. Alisimama mwanzoni mwa safu pamoja na wanafunzi, akatoa amri, na wote wakainamia mkeka mtupu wa mbele. Hakuna aliyewaagiza. Nami sikuwazuia, kwa sababu kila walipoinama nilimwona mume wangu pale: miguu ameipanua kidogo, mkono wa kushoto unakaza fundo la mkanda. Siku nyingine nilimsikia akivuta pumzi.

Nilimaliza sekondari nikiwa mtu mzima, na elimu iliyopatikana kwa shida humfanya mtu adai ushahidi. Ushahidi sikuwa nao. Hata hivyo, nilipofagia, nilifagia pembeni mwa mkeka ule.

Januari 2023, ng'ambo ya barabara kulifunguliwa ukumbi mwingine wenye vioo na muziki. Walifundisha mateke ya kupunguza tumbo kwa akina mama wa maofisini, na watoto wakati wa likizo. Kwetu wazazi waliketi kwenye benchi, wakatazama darasa moja, wasirudi. Nililaumu vioo, mpaka mama mmoja aliponijia, mwanawe tayari amevaa sare mpya.

“Nyabo, mama yangu, hawa watoto wanamsujudia nani?”

“Hawasujudu. Wanamsalimu mwalimu wao.”

“Yuko wapi?”

Macho yangu yalikwenda kwenye mkeka.

“Mimi nimeokoka, nyabo. Wangu nampeleka ng'ambo. Kule angalau wanajisujudia wenyewe kwenye vioo.”

Akamshika mtoto mkono, wakavuka barabara.

Jioni ile nilimwambia msaidizi, “Kuanzia kesho utasimama mbele.”

“Mama, kazi sikatai. Ile mahali ndiyo nakataa. Iko na mwenyewe.”

“Mwenyewe amekufa.”

“Hata wewe unamupitiaka kando, Mama. Kila siku naonaka.”

Nilimwambia aende nyumbani. Wiki hiyo wanafunzi wengine wawili walihama.

Chama cha karate kilikuwa kimetuarifu kwamba ukumbi usio na mwalimu mkuu ungefutwa kwenye orodha yao. Mikanda yetu isingetambuliwa popote. Mkaguzi angekuja Jumamosi, tarehe 15 Aprili. Siku hiyo wazazi waliobaki walijaa kwenye benchi. Mkaguzi aliuliza mwalimu mkuu ni nani. Msaidizi alibaki mwanzoni mwa safu.

Nilivua viatu. Nikapita mbele ya safu, nikaukanyaga mkeka ule kwa miguu yangu, nikasimama katikati yake. Nilingoja kumsikia mume wangu. Chini ya nyayo palikuwa na ubaridi wa plastiki, basi.

“Mwalimu,” nikamwita msaidizi, jina ambalo sikuwahi kumwita mtu mwingine isipokuwa mume wangu, “njoo usimame hapa.”

“Mama…”

“Njoo. Mimi nimeshasimama. Pako wazi.”

Alikuja, nami nikampisha. Mkaguzi aliandika, akapiga muhuri, akatangaza kwamba ukumbi una mwalimu mkuu. Kisha amri ikatoka, na safu nzima ikainama. Nilimtazama mwalimu mpya kwa makini sana, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilimwona yeye tu.