Kuitikia Salamu Huku Umevuta Upinde

Mafuta ya kondoo yakipashwa moto yana harufu nzito inayoshika nguo na nywele, na ukikaa nayo kutwa nzima unaisikia mpaka kwenye ugali. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya uani kwa mjomba wangu Asheri, kule Rujewa, msimu ule nilipopelekwa kuchagua upinde wangu wa kwanza. Mjomba alikuwa mkulima wa mpunga, lakini siku ambazo hakwenda majarubani alichonga pinde za wachungaji wa ng'ombe, akazipaka mafuta hayo karibu na moto ili mti usikauke haraka ukapasuka. Pumba kutoka mashine ya kukoboa ya jirani zilipeperuka na kunata juu ya mafuta, naye akawa anazifuta kwa kiganja huku akizikemea kama watoto watundu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, sijawahi kutoka Kilolo, na sikwenda pale kwa furaha. Baba yangu alikuwa amefariki mvua zilipoanza, na upinde niliotakiwa kuuchagua ndio ungeamua kama mama yangu angebaki na shamba au la.

Shamba lenyewe lilipakana na msitu. Mahindi yalistawi sana pale kwa sababu ya ukungu na udongo mweusi, lakini nyani nao walilijua. Baba alilinda kwa upinde. Hakuwa akiwaua mara kwa mara; alituma mshale ukagonga kisiki karibu yao, wakaondoka wakibweka. Katika ukoo wetu mwenye kulinda shamba la msituni ndiye mwenye shamba, na mlinzi hujulikana siku ya kuondoa matanga. Upinde wa marehemu hutolewa ndani, hukabidhiwa mrithi, naye husimama mbele ya mlango wa nyumba na kurusha mshale mmoja uvuke paa, watu waone kwamba nyumba bado ina mtu. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliniacha mimi na wadogo zangu wawili, wote wa kike. Kila mtu alidhani upinde utakwenda kwa baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, na shamba liende naye. Lakini shangazi, dada mkubwa wa baba aliyekuwa anaongoza shughuli, alipouliza nani anyooshe mkono aupokee, mama alinisukuma mgongoni mbele ya watu wote.

Nakumbuka upinde ulivyokuwa mzito. Ulikuwa mrefu kunizidi, umekuwa mweusi kwa moshi na jasho, na pale baba aliposhika palikuwa pamelika kidogo. Niliweka mshale kwenye ugwe nikavuta. Ugwe haukusogea hata upana wa kiganja. Nikavuta tena, mshale ukaanguka miguuni mwangu, na mtu mmoja huko nyuma akacheka halafu akajifanya anakohoa. Baba mdogo hakucheka. Alisema polepole, "Mtoto asionewe. Nipeni mimi, msiba uishe." Mama akajibu akiwa ameinamisha kichwa, "Mtoto hajafundishwa, shemeji. Na wewe ulizaliwa unajua?" Wakatazamana. Shangazi akasema nipewe muda mpaka mavuno. Nikiweza kuuvusha mshale siku hiyo, shamba la msituni litabaki kwa mama yangu. Nikishindwa, litakwenda kwa baba mdogo.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa tulilofanya majuma yaliyofuata, na halikuwa kosa la mtu mmoja. Sote tuliona kwamba upinde niliokabidhiwa ndio nijifunzie. Kushika mwingine ingekuwa kama kumkataa baba. Kwa hiyo kila jioni nilikwenda ukingoni mwa shamba kuuvuta. Ugwe ulinichapa mkono wa kushoto mpaka ukavimba, bega la kulia likawa linaniuma hata nikichota maji. Kila siku niliuvuta vibaya zaidi, kwa sababu mwili ulikuwa umeshauogopa. Nyani walikaa juu ya visiki wakinitazama, na mmoja alivunja hindi changa akala bila kuhama. Mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, na siku aliponivua gauni akaona bega lilivyogeuka rangi, akanifungia nguo kwenye kitambaa, tukapanda gari kwenda kwa kaka yake.

Mjomba Asheri alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Aliutazama mkono wangu, akaubonyeza pale penye uvimbe, akamgeukia mama. "Dada, huyu mtoto mnamfundisha au mnamwadhibu?" Mama akaeleza habari ya upinde wa baba. Mjomba akatikisa kichwa. "Shemeji yangu mwenyewe alianza na upinde wa kupigia njiwa. Huo mwingine aliufikia ana ndevu. Nyie Wahehe mnataka mtoto aoe kabla hajaota meno." Mama alicheka, na mimi nikashtuka kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Asubuhi aliziegemeza pinde ukutani, ndefu na fupi, nene na nyembamba, zote za mti wa mkole. Akaniambia nichague. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ule mrefu uliofanana na wa baba. Hakunikataza. Nilivuta mpaka meno yakasagana, viwiko vikicheza. "Unauvuta kama mtu anayemkamua ng'ombe aliyekufa," akasema. "Rudisha." Nikachukua wa pili, mfupi kidogo, nikafikisha ugwe nusu. Akasema nirudishe. Akanieleza kwamba hapimi nguvu zangu, kwa kuwa hata mpumbavu anaweza kuvuta kitu mara moja. Anachotazama ni kama nikishavuta bado mimi ni mtu. Nitavuta mpaka ugwe uguse taya, nishike hapo, na yeye atanisalimia salamu zote kama tulivyosalimiana jana nilipofika. Nikiitikia mpaka mwisho bila sauti kukatika, upinde ni wangu.

Anayejua salamu za kwetu anajua zilivyo ndefu. Upinde wa tatu sauti ilikatika kwenye habari za safari. Wa nne nikafika kwenye habari za mifugo. Wa tano ulikuwa mwembamba, wa kitoto kabisa, na niliuchukua kwa aibu. Akanisogeza miguu kwa fimbo, akaniambia nisivute kwa mkono, nivute kama nataka mifupa miwili ya mgongoni isalimiane. Ugwe ukaja mpaka kwenye taya kimya kimya. "Kamwene, mpwa wangu." Nikaitikia. "Habari za Kilolo?" Nzuri. "Mvua?" Zinanyesha. "Wadogo zako?" Wazima. "Mama?" Mzima. "Na baba?"

Sijui mpaka leo kama alisahau au alikusudia. Mama alikuwa anapepeta mchele karibu na mlango, na ungo ukasimama. Mimi nilikuwa sijawahi kulitamka lile neno. Wengine ndio waliolisema, mimi nililisikia tu. Nikiwa nimeushika ugwe kwenye taya nikasema, "Baba amefariki." Sauti haikukatika na mkono haukutikisika. Mjomba akasema, "Pole sana. Teremsha taratibu, usiuachie ugwe mtupu, utavunja mti." Nikateremsha. Machozi yalikuja baadaye, nilipokwisha kuuweka chini, na hakuna aliyeniambia niache.

Tulikaa kwake majuma machache. Kwanza nilijifunza jicho la kulengea, kwani nilikuwa nafumba lile lililo bora. Kisha mishale ya matete na manyoya ya kanga, na namna ya kusikiliza mshale unaporuka, kwa sababu wenye kasoro hupiga kelele. Tuliporudi Kilolo mama alishindilia maganda ya mahindi kwenye gunia, akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Yeye ndiye aliyekuwa anaokota mishale. Alisimama pembeni amejifunga khanga kiunoni, na nikikosea hakusema nimekosea. Alikwenda kuutafuta mshale kwenye majani, hata ukizama kwenye upupu. Zile jioni zilikuwa nzuri. Ni vigumu kueleza kwamba mtu anaweza kuwa na jioni nzuri kwenye mwaka kama ule, lakini zilikuwepo. Nyani walianza kunihama. Baba mdogo alipita siku moja akauona upinde wangu. "Huo ni wa kuwindia panzi," akasema. Mama akamjibu bila kuinuka kwenye palizi, "Panzi nao wanakula mahindi, shemeji." Safari hii baba mdogo alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba lake lilikuwa la mawe.

Mavuno yalipofika watu walikusanyika mbele ya nyumba yetu. Nilisimama mlangoni, nikaweka miguu kama nilivyofundishwa, nikavuta. Mshale ulipanda ukavuka paa, tukausikia ukitua kwenye migomba nyuma ya nyumba. Wanawake walipiga vigelegele. Baba mdogo akasubiri viishe. "Paa umelivuka, mwanangu, na ninafurahi," akasema. "Lakini tulikabidhi upinde wa kaka. Uko wapi?" Shangazi hakupenda, niliona usoni, lakini swali lilikuwa la haki na lilikuwa limeulizwa mbele ya watu. Akaingia ndani akautoa, akanipa. "Vuta na huu, mama, tumalize."

Niliushika. Nilivuta kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi, na mgongo wangu ukaniambia mara moja. Kama nisingekuwa nimefundishwa ningejaribu, ningevuta kwa hasira na kwa aibu, labda mshale ungeruka hatua chache, labda ningejivunja. Lakini nilikuwa nimeshajua tofauti ya upinde ulio wangu na usio wangu, na kwa bahati mbaya elimu hiyo huwezi kuiweka kando kwa siku moja ukaichukua kesho. Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama chini. Nikampa baba mdogo ule upinde kwa mikono miwili nikamwambia, "Sijaufikia, baba mdogo." Akaupokea. Nadhani alitarajia chochote isipokuwa hicho, maana aliugeuza mikononi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Shangazi alikata shauri jioni ile ile. Shamba lipasuliwe. Nusu ya juu, inayogusa msitu, ibaki kwa mama kwa sababu mshale wangu ulivuka paa. Nusu ya chini, yenye maji, iende na upinde wa baba. Mama alisema, "Tumesikia," na hilo ndilo pekee alilowahi kulisema. Sikuwahi kumuuliza kama alitaka nijaribu. Yeye naye hakuwahi kuniuliza kwa nini sikujaribu. Tulililinda shamba lile pamoja, tukavuna, tukasomesha wadogo zangu kadiri ilivyowezekana. Nilipokaribia miaka kumi na minane mabega yalikuwa yamepanuka, na naamini ningeweza kuuvuta upinde wa baba mpaka kwenye taya na kuitikia salamu zote. Lakini hakuna mtu aliyeuliza tena, na sherehe ya pili haikuwepo. Nikaolewa, nikahamia Ipogolo, ambako siku nzima unasikia malori yakipanda mlima.

Mwaka huu tumemzika mama. Yuko kwenye ile nusu ya juu, mahali alipochagua mwenyewe. Nusu ya chini watoto wa baba mdogo waliiuza baada ya yeye kufariki, na sasa ni parachichi tupu, zimepandwa kwa mistari, na kijana mmoja wa kuajiriwa anawafukuza nyani kwa baruti za kichina. Nyani wenyewe wamepungua. Wakati wa kuondoa matanga hakuna kitu kilichotolewa ndani wala mtu kusimama mlangoni. Mchungaji alisoma Biblia, tukala, wenye safari wakawahi magari. Sisemi ni vibaya. Kwa desturi ile ya zamani mtoto aliwekwa mbele ya umati akiwa na msiba mbichi, akaambiwa athibitishe, na nisingependa mjukuu wangu apitie hivyo. Ila siku ile angalau kila mtu alijua nini kinaamuliwa na nani anaamua.

Sasa wale wenye parachichi wanaitaka na nusu yetu. Binti yangu, anayeishi Mbeya, ananipigia simu kila wiki. Juzi aliniuliza kwa upole, "Mama, kwani wewe utarudi kulima kule?" Nikamwambia sitarudi, magoti hayawezi. "Basi nani atalinda?" Wadogo zangu wamesema wataniachia mimi neno la mwisho kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Ninajua jibu la busara ni lipi, na ninajua kaburi la mama liko wapi. Nikamwambia binti yangu sijui, na kwamba akitaka anipigie tena wiki ijayo, lakini asitegemee kwamba nitakuwa nimejua.