Siku Niliyovaa Tenga la Kuku Mbele ya Mgeni Rasmi

Naandika nikiwa nimejifunika shuka gubigubi, mchana huu na joto lote hili la Mtwara, maana kila nikifumba macho nauona ule ukumbi na watu wote wakinitazama mapaja.

Mimi ni mtu wa kunyamaza (darasani hata swali ninalolijua sinyooshi mkono). Sasa Mwalimu Ndunguru wa klabu ya historia akatangaza kwamba kila mmoja ataeleza zama moja siku ya mahafali, bila kusoma popote, na atakayeeleza vizuri ndiye atakayekwenda mashindano ya mkoa. Rafiki yangu Zuhura akapewa Zama za Mawe, mimi nikapewa neno "Victorian". Niliitaka mno ile nafasi, maana tangu nizaliwe sijawahi kuchaguliwa kwa lolote.

Balaa lilianzia kwenye picha. Niliona mabibi wa Kiingereza wa wakati huo wamevaa magauni yaliyotuna kama kengele, nikasema na mimi nivae hivyo, nikaenda kwa Mama Shaibu, jirani yetu hapa Ufukoni, kuomba tenga lake la kuku.

"Lichukue, mwanangu, limechakaa hilo," akasema, "ila usinirudishie."

Nikalipindua, nikatoboa kitako nikapita, nikalifunga kiunoni kwa kamba, juu yake gauni la mama la kitchen party. Nikafanya mazoezi ya kutembea, kugeuka, kusema. Nikapendeza kwelikweli!

Siku yenyewe Zuhura alieleza mpaka mgeni rasmi akapiga makofi. Nikaitwa mimi. Nikaanza, sauti inakatika.

"Victorian ni... ni wakati Malkia Viktoria alipotawala Uingereza, karne ya kumi na tisa. Mpaka leo neno hilo wanalitumia kwa nyumba, kwa makabati ya mtindo ule, na pia..."

Nikakwama.

"Usiogope, binti," mgeni rasmi akasema kwa huruma. "Hebu kaa kwenye kiti, uendelee taratibu."

Mgeni rasmi unamkatalia vipi? "...na pia kwa mtu mwenye haya zilizopita kiasi," nikasema huku nakaa, "ambaye hata mguu wake ukionekana..."

Tenga likabanwa nyuma, mbele likafyatuka juu, gauni lote likanifunika uso, na chini nimevaa bukta ya mpira ya kaka yangu.

"Jamani, kuku katoroka!" Zuhura akapiga kelele (rafiki huyo!), ukumbi ukalipuka.

Nilitaka kukimbia lakini hata kusimama siwezi. Nafasi imekwenda, nikajiambia. Ila mle ndani giza, harufu ya kuku, simwoni mtu hata mmoja, na ghafla sauti ikanitoka imenyooka:

"Mtu wa namna hiyo sasa hivi angezimia. Mimi bado naongea. Asanteni kwa kunisikiliza."

Wakapiga makofi. Mwalimu Ndunguru akanivuta mkono, machozi ya kucheka yanamtoka. "Nafasi yako, wewe. Lakini mkoani unavaa sare!"

Kuanzia leo sivai kitu hadharani kabla sijakikalia nyumbani. Ila kuna jambo sijamwambia mwalimu: huko mkoani, bila tenga, watu nitakuwa nawaona.